Miche ya Mstari Mwekundu

"Chungu cha ishirini na tano," Sidonie alisema. "Sentimita sita na nusu. Majani manne."

"Sita na nusu. Manne," Ezechiel alirudia, akaandika.

Sidonie alikuwa amepiga magoti juu ya changarawe, rula mkononi, uso wake karibu na mche kiasi kwamba pumzi yake iliutikisa. Nyuma yake Ezechiel Sebagenzi alisimama na kaye yake, daftari la jalada gumu. Hivyo ndivyo walivyofanya kila Jumatano kwa miezi saba: mmoja anapima, mwingine anaandika, na kila namba inatajwa mara mbili isije ikapotea kati ya mdomo na karatasi. Katika miezi hiyo yote hawakuwahi kuambiana neno la mapenzi ndani ya uzio wa kitalu. Hawakuhitaji. Namna Ezechiel alivyozipokea namba zake, polepole, kama mtu anayepokea kitu kwa mikono miwili, ilimtosha Sidonie.

"Rangi?" Ezechiel aliuliza.

Sidonie alifungua mdomo kusema "njano", kama alivyosema kila wiki kwenye mstari huo. Akaufunga. Jani changa lililokuwa katikati ya mche, dogo kama ukucha wa mtoto, lilikuwa kijani. Na si kijani cha kubahatisha; kilikuwa kijani cha mgomba baada ya mvua.

Akasogea kwa magoti mpaka chungu cha ishirini na sita. Kijani. Ishirini na saba. Kijani. Alitambaa hivyo hadi mwisho wa mstari, nusu kwa furaha, nusu kwa hofu, kama mtu aliyekwenda kumzika jirani akamkuta ameketi mlangoni anakula.

"Eze," alisema mwishowe. "Njo uone."

Kitalu hicho kilikuwa juu kidogo ya mji wa Uvira, pale milima inapolisogelea ziwa mpaka nyumba za watu zinabanwa katikati. Mzungu aliyekianzisha aliondoka mwezi wa saba wa mwaka wa uhuru, akamwachia Ezechiel funguo na ahadi ya kurudi baada ya wiki nne. Sasa ulikuwa mwaka wa nne. Ezechiel alikuwa msaidizi tu wakati huo, mtu wa kubeba na kupima, lakini vitabu vya kabati la mzungu alikuwa amevisoma vyote, ukurasa kwa ukurasa, kamusi pembeni. Kila msimu wa mvua aliona matope yakishuka kutoka kwenye miteremko iliyo uchi na kuingia vyumbani mwa watu. Alitaka kujua jambo moja: udongo wa kule juu unakosa nini, hata mche wa msave, mti wa kienyeji, ukipandwa pale unadumaa na kufa?

Kwa hiyo alipanga vyungu sabini na viwili katika mistari sita. Badala ya udongo alitia mchanga mtupu usio na chakula chochote. Chakula kilikuja ndani ya maji, chumvi zilizopimwa kutoka kwenye chupa za mzungu, na kila mstari ulikuwa na kibuyu chake cha kumwagilia. Alichagua vibuyu kwa sababu chombo cha bati hutoa kutu, na kutu nayo ni chakula kwa mti. Mstari mweupe ulipewa kila kitu. Mistari mingine mitano, kila mmoja ulinyimwa kitu kimoja. Mstari mwekundu ulinyimwa azoti, ile ambayo Ezechiel aliiita nyama ya jani, na miche yake yote kumi na miwili ilikuwa mifupi, njano, yenye sura ya watoto walioachishwa ziwa mapema.

Mara ya kwanza Sidonie alipoelezwa haya alikasirika. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka shule ya masista, anajua kuandika vizuri, lakini kazi ya namna hiyo hakuwahi kuiona. Alimwuliza Ezechiel ni mtu gani anayemnyima mtoto maziwa ili ajifunze faida ya maziwa. Ezechiel aligusa jani la njano.

"Mche hauna mdomo wa kusema unaumwa nini," alimwambia. "Hii rangi ndiyo lugha yake. Tukiijua, siku moja mche ukilia kule mlimani tutausikia."

Siku hiyo Sidonie alirudi nyumbani Kalundu kwa miguu, na mpaka leo hajui alipita njia ipi.

Na sasa mstari mwekundu ulikuwa umegeuka kijani bila kupewa ulichonyimwa. Usingeweza kuchagua wiki mbaya zaidi.

Kwa maana mama yake Ezechiel alikuwa ameshuka kutoka nyanda za juu, mwendo wa siku tatu, na ng'ombe wawili na ndama mmoja, na hii ilikuwa siku yake ya kumi Uvira. Jina lake lilikuwa Nyiransengimana, ingawa Sidonie hakulitamka hata peke yake. Kwa watu wa milimani mke wa mtoto halitaji jina la mama mkwe, na Sidonie alitaka kuanza kuzoea. Mama huyo alikuja kwa mambo mawili. Kwanza, kumtazama binti ambaye mwanawe alitaka kumwoa. Pili, kumchukua mwanawe wa pekee kabla njia haijafungwa, kwa sababu huko bondeni watu walikuwa wananong'ona habari za uasi, malori ya kwenda Sange yalipita siku moja na kukosa siku tatu, na wenye masikio walishaanza kufunga mizigo. Neno lake alilisema siku ya kwanza, mbele ya wote wawili, na hakulirudia. Ijumaa alfajiri angeondoka na wenzake wa safari. Akiridhika, angepitia Mutarule kwa baba yake Sidonie na kupeleka posa mwenyewe, kama mzee huyo alivyotaka. Asiporidhika, Ezechiel angepanda mlima pamoja naye. Baba yake Ezechiel alikuwa amekwisha kufa. Mama huyo alimlea kwa maziwa ya ng'ombe mmoja aliyebaki. Ezechiel aliweza kubishana na vitabu vya wazungu, lakini si na mama huyo.

Kwa siku tisa hakuna aliyejua moyoni mwake mna nini. Alimsalimu Sidonie asubuhi, akamuaga jioni, basi. Shangazi Florentine, aliyekuwa akimlea Sidonie na kuuza ndagala, dagaa wa ziwani, pale Kalundu, alimwalika mgeni kwa chakula cha heshima, ugali na samaki mkubwa wa kuchoma. Mgeni alishukuru kwa maneno mazuri na hakugusa. Watu wa kwao hawali samaki. Florentine aliumia, lakini alikuwa mtu wa kugeuza maumivu kuwa kicheko.

"Yeye na ile samaki baliangaliana mpaka ugali ikapoa," aliwasimulia majirani. "Samaki ndiyo ilishindwa, ikafunga macho." Kisha, walipobaki wawili, alimshika Sidonie kidevu na kumwonya. "Weye, mbele ya mama mukwe, mudomo yako iwe kidogo kupita jicho ya ndagala. Usikosoe. Usijue kitu. Siku tatu za mwisho ndizo zinaua ndoa."

Ezechiel alikagua mstari mwekundu wote, chungu kwa chungu, bila haraka. Alipomaliza aliketi kwenye jiwe.

"Nani amekuwa akiumwagilia?"

"Minye," Sidonie alisema, akijigusa kifua.

"Siku zote?"

"Siku zote. Na kibuyu chake, na chupa yake."

Ezechiel aliokota kokoto, akaigeuza kiganjani. Sidonie aliifahamu tabia hiyo. Alikuwa akitafuta neno lisiloumiza, na kwa kawaida neno analolipata mtu wa namna hiyo ndilo linaloumiza zaidi.

"Sisemi umefanya makusudi," alisema. "Lakini tangu mama afike hujalala vizuri. Labda siku moja chupa zilibadilishana."

"Hazikubadilishana."

"Mtu aliyechoka hajui alichokosea, Sidonie. Hata mimi."

"Weye uliniona nikikosea?"

"Sikuona. Naona majani."

Akafungua kaye, na kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka akaandika mbele ya mstari mwekundu: *Umeharibika.* Hakuandika jina la mtu. Sidonie aliyasoma hayo juu chini kutoka pale alipopiga magoti, akahisi kana kwamba jina lake lipo. Miezi saba. Jumatano karibu thelathini. Ezechiel alifunga kaye, akaenda ghalani kuhesabu chupa, na mabega yake yalikuwa yameshuka kama ya mtu aliyepokea barua ya msiba.

Sidonie alilia kidogo. Kisha akafuta macho kwa kiganja na kufanya jambo ambalo Ezechiel mwenyewe alimfundisha: alianza kuuliza, moja baada ya lingine.

Kama chupa zilibadilishana, basi mstari mwingine ungekosa azoti na kuwa njano. Alisimama, akautazama mweupe, wa bluu, mweusi, yote. Hakuna uliokuwa njano. Basi chupa hazikubadilishana. Kitu kiliingia, lakini hakikutoka mahali pengine. Na labda hakikuingia kwenye mstari mwekundu peke yake. Labda kiliingia mistari yote, ila miche iliyokwisha kushiba haikuonyesha. Mwenye njaa ndiye aliyebadilika uso.

Wazo hilo lilimfanya asimame wima. Ni kitu gani kinachogusa mistari yote sita?

Alikwenda kwenye rafu ya vibuyu. Vilikuwa safi, vimepangwa kwa ukubwa, vinang'aa. Alikitwaa cha mstari mwekundu, akaweka pua mdomoni mwa kibuyu. Moshi wa nyasi. Moshi mtamu kama wa jikoni kwa mtu mwenye ng'ombe. Na chini ya moshi huo, harufu nyingine, kali, ile aliyoisikia kila asubuhi alipopita nyuma ya uzio walipofungwa ng'ombe wa mgeni.

Aliketi chini.

Alikumbuka jioni zote hizo. Mgeni aliketi kwenye jiwe lake na vibuyu sita mapajani, akivigeuza na kuvitikisa, akivifukizia juu ya makaa, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto. Hakuna aliyemwomba. Lakini mgeni mwenye adabu hakai siku kumi mikono mitupu, naye alikuwa mwanamke wa ng'ombe. Huko kwao kibuyu cha maziwa hakioshwi kwa maji. Maji huharibu maziwa. Huoshwa kwa mkojo wa ng'ombe, kisha hufukizwa. Aliona vibuyu vinavyolisha viumbe wachanga, akavifanyia heshima ile ile anayovifanyia vibuyu vyake.

Yule aliyeuharibu mstari mwekundu, kwa wema mtupu, ndiye aliyeshika neno la Ijumaa.

Sidonie alikaa pale mpaka kivuli cha paa kikamfika miguuni. Akisema, atakuwa binti aliyemshtaki mama wa watu kwamba ameiharibu kazi ya mwanawe, siku mbili kabla ya kutolewa jibu. Asiposema, Ezechiel ataamini uongo, nao uongo utaingia kwenye kaye iliyokuwa haijawahi kubeba uongo. Na jioni hii hii vibuyu vitaoshwa tena.

Alimkuta Ezechiel ghalani, chupa zimepangwa mezani.

"Hazijabadilishana," Ezechiel alisema kabla ya kuulizwa. "Kiasi ni kile kile. Nilikukosea."

"Futa lile neno la *umeharibika*."

"Kaye haifutwi. Hupigwa mstari mmoja ili cha chini kisomeke."

"Basi piga mustari mmoja. Andika: *bado inatafutwa.* Halafu uniachie mpaka jioni."

Alimtazama. Mwanga wa dirisha dogo ulimwangukia Sidonie upande mmoja wa uso, na Ezechiel akaona njia mbili za machozi zilizokauka. Mkono wake ulinyanyuka nusu, ukarudi mezani.

"Unajua ni nani?" aliuliza.

"Najua ni kitu gani. Nani, usiniulize."

Akapiga mstari mmoja. Akaandika alivyoambiwa. Hakuuliza tena, na Sidonie alimpenda kwa hilo kuliko ambavyo angempenda kwa kumwomba radhi mara mia.

Saa kumi jioni mama alitoka nyuma ya nyumba na chetezo cha makaa, akaketi kwenye jiwe lake, akaanza kukusanya vibuyu. Sidonie alikwenda akapiga magoti mbele yake. Maneno aliyoyapanga mchana kutwa yalimtoka yote kichwani. Likabaki moja tu.

"Mama, nifundishe."

Mama aliinua macho. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama muda mrefu hivyo. Macho mazito, ya mtu aliyezoea kutazama mbali kuhesabu mifugo.

"Kwenu mulikuwa na ng'ombe?"

"Hapana, mama. Mupunga na mihogo."

"Basi shika hapa. Si kwa nguvu. Kibuyu si adui."

Alimfundisha. Alimweleza kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno kwamba mkojo uwe wa alfajiri, kwamba kibuyu kinywe usiku mzima, kwamba moshi uingie mpaka chini, na kwamba mke anajulikana kwa kibuyu chake kabla hajajulikana kwa uso wake. Sidonie alifanya alivyoambiwa. Kisha akauliza, akiangalia chini, kama vibuyu hivi vya kitalu navyo amevifanya hivyo.

"Kila jioni," mama alisema. "Mwana wangu anasema ile miti ni batoto. Mutoto hapewi chakula mu chombo iliyooshwa na maji matupu. Ni haya, ni aibu."

Sidonie alikumbuka jicho la ndagala. Alikumbuka Ijumaa. Akasimama, akamnyooshea mama mikono miwili.

"Njo nikuonyeshe kitu, mama."

Alimpeleka kwenye mstari mwekundu. Ezechiel alikuwa ameacha kaye juu ya kiti, na ndani yake, Jumatano ya wiki mbili nyuma, alikuwa amebandika jani moja la kila mstari. Sidonie alilibandua jani la mstari mwekundu, kavu, njano kama karatasi ya zamani. Akaliweka kando ya mche wa chungu cha ishirini na tano.

"Hili na huu ni mche mumoja," alisema. "Wiki mbili tu katikati. Huu mustari ulinyimwa chakula kimoja kwa kusudi, ili Ezechiel ajue kazi ya kile chakula. Miezi saba ulikuwa hivi. Sasa uko hivi."

Mama aliinama. Aliligusa jani kavu, akaligusa jani bichi. Mwanamke aliyekuwa ameponya ndama wengi hahitaji maneno mengi. Sidonie aliona ufahamu ukimjia usoni, na nyuma ya ufahamu, aibu.

"Ni vibuyu," mama alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nimeharibu kazi ya mwana wangu."

Hapo ndipo neno jema la uongo lilipokuwa jepesi kuliko manyoya. Sidonie hakulichukua.

"Mustari huu umeharibika, mama, kwa lile swali la kwanza. Sitakudanganya. Lakini angalia." Alinyoosha kidole kwenye jani bichi. "Kibuyu ulikimwaga. Ulikifukiza. Minye nikatia maji safi ndani. Kilichobaki ni kile kibuyu kilikunywa, kidogo, hata jicho haikioni. Na kile kidogo kimefufua miche kumi na miwili. Zile chumvi za muzungu ziko karibu kwisha, na akuna muntu wa kule mulimani anazo. Lakini ng'ombe banazo."

Mama alikusanya nguo yake. Alipiga magoti. Mwanamke mrefu, mwenye shanga na nguo nyeupe ya kanisani, alipiga magoti kwenye changarawe na kuuweka uso wake karibu na jani, mpaka pumzi yake ikalitikisa.

Ezechiel alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala. Tangu lini, hakuna aliyejua. Mama alimwona, akasema naye kwanza kwa lugha yao, haraka na chini, kisha akabadili akasema kwa Kiswahili, ili Sidonie asikie.

"Asubuhi ulimwambia huyu mukobwa, binti wa watu, kwamba amekosa?"

"Nilimwuliza, mama. Kwa namna mbaya."

"Aliyekosa ni mama yako. Yeye alijua tangu asubuhi, akabeba kosa yangu muchana yote kama kuni za muntu mwingine."

Ezechiel alikuja, akapiga magoti upande wa pili wa chungu, wakawa watatu kuuzunguka mche mmoja.

"Nisamehe," alimwambia Sidonie, mbele ya mama yake, kwa sauti ya kawaida, kama namba anayotaka isipotee.

"Nimekusamehe," Sidonie alijibu. Yeye pia alitaka isipotee.

Ezechiel alikiinamisha chungu, akatelezesha mchanga taratibu kwenye beseni la maji, mpaka mizizi ikabaki imeelea, myeupe, myembamba. Akatoa lenzi mfukoni na kumpa mama. Alimwonyesha namna ya kuishika. Mama alitazama, akaitoa lenzi machoni, akatazama kwa macho matupu, akairudisha.

"Ina manyoya," alisema.

"Ndiyo."

"Kama ndama aliyezaliwa leo." Sauti yake ilikuwa imeshuka, kama mtu aliyeingia kanisani akakuta watu wako katika sala. "Mudomo iko wapi?"

"Kila unywele ni mdomo, mama. Mti hauna mwingine. Ulichoacha ndani ya kibuyu, manyoya haya ndiyo yaliyokinywa, tone kwa tone, gizani, na hakuna aliyeona mpaka jani lilipobadilika."

Mama alitazama muda mrefu. Chini yao mji ulikuwa umekwisha kuingia kivulini, kwa kuwa pale Uvira jua hujificha mapema nyuma ya milima, lakini ziwa bado lilikuwa na mwanga wake na ng'ambo milima ya Burundi iliwaka kama imetoka kuumbwa. Hakuna kati yao aliyeitazama. Wote watatu walikuwa wameinamia beseni, na Sidonie, ambaye alikuwa ameishika miche hiyo kwa miezi saba, alihisi anaiona mara ya kwanza. Vitu vyote alivyovijua vya kijani, bonde zima la Ruzizi, mpunga wa baba yake, migomba, misitu ya juu anakotoka mama huyu, vilikuwa vinasimama juu ya manyoya membamba hivi, vikinywa kimya kimya kitu kisichoonekana. Alitaka kumwambia Ezechiel. Alipoinua macho akakuta anamtazama, na akaona anajua.

"Nilikuwa nasema mwana wangu ameacha kuchunga," mama alisema, akimrudishia lenzi. "Nilililia jambo hilo miaka mine. Kumbe."

Alijifuta magoti, akauliza sasa kazi inafanywaje, maana kitu kilichoharibika hakiachwi hivyo. Ezechiel alieleza kwamba inabidi kuanza mstari mpya wa vyungu kumi na viwili, ambao hautapewa chumvi yoyote bali mkojo wa ng'ombe uliopimwa kwa matone, na vibuyu vya mistari mingine vioshwe kwa maji tu. Majibu yangepatikana baada ya wiki nane au tisa.

"Ijumaa benzangu ba safari bataondoka bila minye," mama alisema, kama mtu anayezungumza habari za mvua. Kisha akamgeukia mwanawe. "Mutarule ni mwendo gani?"

Sidonie aliinua uso kutoka kwenye beseni.

"Malori mpaka Sange, kama yanapita," Ezechiel alisema polepole. "Halafu kama saa mbili kwa miguu."

"Na kama hayapiti?"

"Siku moja na nusu."

"Minye nilitembea siku tatu kuja kumuona huyu. Siku moja na nusu itaniua?" Akamtazama Sidonie. "Baba yako anakula nyama?"

"Anakula, mama."

"Mungu asifiwe. Samaki ilinichosha."

Sidonie alicheka, na kicheko kikachanganyika na kitu kingine, ikabidi ageuze uso.

Walianza na mchanga, kwa kuwa kila mstari huanza na mchanga. Ulioletwa kutoka mtoni ulikuwa rundo nyuma ya ghala, na ulitakiwa kuoshwa mara kumi, mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Mama alimwaga maji. Ezechiel na Sidonie waliingiza mikono ndani ya beseni kubwa na kuusugua mchanga, na ndani ya maji yale mazito, pasipoonekana, vidole vya Ezechiel vilivishika vya Sidonie na kukaa hapo kidogo. Mama alikuwa ametazama upande wa ziwa. Alilitazama kwa bidii sana.

Maji ya kwanza yalitoka meusi. Ya pili kama chai. Ya tatu, ya nne. Barabarani kule chini palipita lori moja likielekea kaskazini, wote watatu wakainua vichwa kulisikiliza mpaka sauti ikapotea upande wa bonde. Baada ya hapo giza lilianza kuwazuia kuona kama maji yanatakata au la, na Ezechiel hakuwa mtu wa kukisia.

"Tuishie hapa," alisema. "Kesho tuanze saa ngapi, mama?"

"Uliza bibi yako," mama alisema, akikamua maji kwenye pindo la nguo yake. "Minye hapa nafuata."

Ezechiel alimgeukia Sidonie na kungoja jibu. Sidonie, aliyekuwa ameitwa mke kwa mara ya kwanza, alifuta mchanga vidoleni.

"Saa kumi na mbili," alisema. "Mbele jua haijachoma."

Mama alifunika beseni kwa jani la mgomba na kuweka jiwe juu yake. Ezechiel alifungua kaye, akaiinua kuelekea mwanga uliobaki, na akaandika kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka: *Mchanga, mstari wa saba. Umeoshwa mara nne. Bado mara sita.*